Daftari Lina Sahihi, Mikono Haina Kazi

Kila mwaka vijana wetu wanaosomea uhandisi hutakiwa waende kazini kwa miezi kadhaa kabla ya kuhitimu. Wenyewe huyaita mafunzo hayo atachimenti. Jambo lenyewe ni jema sana. Ubaya ni yale wayakutayo huko.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, asomaye mambo ya umeme, alipelekwa kwa kampuni ifungayo mitambo ya umeme wa jua. Jina lake tuliache. Kwa miezi mitatu alipeleka barua, akapanga stakabadhi, na chai akaipika hata akajua nani ataka sukari na nani hataki. Siku mafundi walipopanda juu ya paa, yeye aliambiwa ashike ngazi. Mwisho akaandika katika daftari lake kwamba amefunga paneli na kupima betri. Mkubwa wake akatia sahihi, na chuo kikapokea.

Basi nauliza: sahihi ile ni nini kama si ushahidi? Na sisi Waislamu twajua uzito wa ushahidi wa uongo. Kiapo cha mahakamani twakiogopa, lakini kalamu twaitembeza tu!

Waliosoma chuoni wakumbuka. Hakuna mtoto aliyehitimishwa kwa kuwa aliketi karibu na wenziwe wakisoma. Mwalimu alimweka mbele yake, akasoma kwa ulimi wake mwenyewe, na akikosea alirudishwa nyuma.

Kazi ya jua nayo haifundishiki kwa kutazama. Umeme utokao kwenye paneli hauendeshi vyombo vyetu vya kawaida vya nyumbani mpaka upite katika inveta, ugeuzwe. Paneli ikishika joto mno nguvu zake hupungua, ingawa wengi hudhani kwamba jua likichoma zaidi ndipo umeme uzidipo. Vumbi hupunguza pia. Tena huku pwani tuna hewa ya chumvi, ilayo misumari na viungo vya nyaya kama ilavyo mabati yetu. Haya kijana huyajua akiwa na kipimo mkononi. Na kesho huyo huyo aliyeshika ngazi ndiye atakayeitwa kufunga taa za zahanati kisiwani, mahali anapozalishwa mke wa mtu usiku.

Wala mtu asiseme kazi haipo kwetu. Langobaya, upande wa Malindi, pana mtambo wa jua wa megawati 40 tangu mwaka 2021. Chuo pia tunacho: MIOME, iliyoasisiwa Mombasa mwaka 1948 ili kuwafunza vijana wa Kiislamu ufundi, ndiyo leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Waliotoa mali zao wakati ule walitaka mafundi, hawakutaka wapishi wa chai.

Waajiri watasema vifaa ni ghali, na mwanafunzi akiviunguza nani atalipa? Neno hilo lina haki yake. Lakini sheria yamtoza mwajiri shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo haya haya; basi fedha hizo na zionekane mikononi mwa vijana. Vyuo navyo hutuma mwalimu kumkagua mwanafunzi, naye hufika, akanywa ile chai, akafunua daftari, akaenda zake. Mwalimu huyo aliweke daftari kando. Ampe kijana kipimo na betri, amwambie: haya, pima nikuone.