Upinde wa Masika na Haki ya Mnyama

 

Mada yetu ya wiki hii ilianzia mlangoni mwa msikiti. Ilikuwa Aprili ya mwaka juzi, masika yakinyesha bila kupumzika, pale kijana mmoja kutoka miteremko ya juu ya mji wetu wa Moshi alipotufuata baada ya swala ya Adhuhuri akiwa na kiroba begani. Ndani mlikuwa na mapaja mawili ya pongo. "Shikamooni wazee wangu," alisema, "hii ni sadaka kwa wanafunzi wa madrasa. Nyingine nimemwachia mama." Uso wake ulijaa furaha, nasi tulifurahi naye, mpaka tulipomwuliza mnyama amepatikanaje.

Alieleza kwa uaminifu. Jioni iliyotangulia alimkuta pongo kando ya shamba la mama yake, akapiga Bismillahi, akamlenga kwa upinde aliouchonga mwenyewe. Mshale ulimpata ubavuni lakini haukuzama. Mnyama akakimbia nao hadi giza likaingia. Asubuhi kijana alifuata damu, akamkuta amekufa, mwili wote umezama katika mfereji wa maji uliofurika.

Tulitazamana. Hakuna aliyependa kuwa wa kwanza kusema, lakini jibu lilikuwa wazi. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kutoka kwa Adiy bin Hatim (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimfundisha hukumu za mawindo. Miongoni mwake ni kuwa mwindaji akimkosa mnyama wake kisha akamkuta baadaye, na hana alama nyingine ila ya mshale wake, anaweza kumla. Ama akimkuta amezama majini, asimle, kwani hajui kama aliyemuua ni maji au ni mshale. Kijana wetu alikuwa katika hali hiyohiyo. Tulimwambia. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Na mama ameshapika?" Alitoka mbio na mvua ile, akawahi kabla chungu hakijateremshwa jikoni. Nyama yote ikafukiwa.

Tungeweza kuishia hapo na kujiona tumetimiza wajibu. Lakini katika kikao cha kamati usiku ule mzee wetu mmoja, ambaye kwa kazi ni seremala, alituuliza: "Nani alimtia kijana huyu hamu ya upinde?" Tukainamisha vichwa. Ni sisi. Katika darsa za likizo tuliwasomea vijana fadhila za kulenga shabaha: jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoifasiri ile nguvu iliyotajwa katika aya ya 60 ya Suratul Anfaal kuwa ni kurusha mishale, na jinsi alivyowapita watu wa kabila la Aslam wakishindana akawahimiza waendelee, kwa kuwa baba yao Ismail (A.S.) alikuwa mrushaji. Tulisoma fadhila, hatukusoma masharti. Wala hatukumfundisha mtu yeyote namna ya kutengeneza upinde unaofaa katika nchi ya mvua kama yetu. Makala haya ni malipo ya deni hilo.

Tuanze na upinde wenyewe. Mzee seremala aliutazama ule wa kijana akatikisa kichwa. Ulikuwa umekatwa Machi na kutumika Aprili. Hata ukifunguliwa upote wake, mti ulibaki umepinda kama mundu, maana yake umekwisha kukata tamaa ya kurudi. Upote ulikuwa wa katani, umenyonya maji ukalegea. Upinde wa namna hiyo hausukumi mshale, unautupa tu. Mshale dhaifu haumuui mnyama bali humjeruhi, naye huenda kuteseka kichakani. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kufanya wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, tukinoa kisu na kumpumzisha mnyama. Basi upinde mbovu ni sawa na kisu butu.

Kwa nini unyevu unaudhuru upinde? Mti, hata uliokwisha kukatwa, hunywa na kutoa unyevu mpaka ulingane na hewa iliyouzunguka. Ukiwa na maji mengi huwa laini: hupinda kwa wepesi lakini haurudi kwa nguvu. Ukikauka kupita kiasi huvunjika ghafla. Ndugu zetu Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hutengeneza pinde za mti mmoja zenye nguvu kubwa, na upote wao ni wa kano za wanyama. Nchi yao ni kavu, na kano huwafaa. Huku kwetu, ambako msitu wa upande wa kusini mwa Kilimanjaro hupata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka, kano hulowa na kurefuka. Hata zile pinde mashuhuri za mashariki, zilizounganishwa kwa pembe, mti na kano kwa gundi ya ngozi, adui yao mkubwa ni unyevu, kwa sababu gundi hiyo huyeyuka kwa maji. Waarabu wa Hijazi nao walikuwa na pinde za mti mtupu, na kwa hali yetu huo ndio mfano wa kufuata: mti mmoja, usio na gundi.

Sasa utaratibu, kama mzee alivyotufundisha.

Kwanza, mti. Mkole, unaopatikana sehemu za chini zenye joto, ni mti uliozoeleka kwa fimbo na pinde, kwa kuwa ni mgumu na una mnyumbuko. Tafuta tawi lililonyooka, lisilo na vifundo, lenye unene wa kifundo cha mkono na urefu wa mrushaji mwenyewe, kuanzia unyayo hadi utosi. Likatwe katika shamba lako au kwa idhini ya mwenye shamba, wakati wa kiangazi, Januari na Februari au Julai hadi Septemba. Mti wa wizi haufai kuanzia kazi inayotarajiwa baraka.

Pili, kukausha. Paka ncha zote mbili nta ya nyuki siku ileile, ili maji yasitokee huko kwa haraka na kuupasua mti. Kisha pasua tawi katikati kwa urefu, uweke kipande darini, mahali panapopita hewa na kufikiwa kidogo na joto la jiko, si juu ya moto wenyewe. Utajuaje kuwa kimekauka? Kipime kwa mizani ya dukani kila Ijumaa na uandike uzito. Uzito ukiacha kupungua kwa wiki tatu mfululizo, kimekauka kwa kadiri hewa yetu inavyoruhusu. Huchukua miezi kadhaa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hilo ni la watoto na adabu zao. Upinde ni kinyume chake: ukikunjwa mbichi umeharibika.

Tatu, kuchonga. Upande uliokuwa chini ya gome, ambao mrushaji huuelekeza mbele, ndio mgongo wa upinde. Toa gome kwa uangalifu, kisha usiuguse kwa panga wala randa, kwani nyuzi za mti zikikatwa hapo, upinde utavunjikia hapo. Chonga upande wa tumbo peke yake. Katikati pa kushikia pabaki pene, na mikono miwili ipungue polepole kuelekea nchani. Katika nchi ya unyevu, fanya mikono hiyo iwe mipana na mirefu kidogo kuliko ya nchi kavu, ili mzigo ugawanyike na mti usichoke.

Nne, kusawazisha. Hapa ndipo subira inapopimwa. Funga kamba ndefu, upinde kidogo tu, utazame kama mikono yote miwili inapinda sawasawa. Upande mgumu ukwangue kwa kipande cha chupa au kisu, upande laini usiuguse. Rudia mara nyingi, ukiongeza mvuto kidogo kidogo. Mzee alimweleza kijana wetu: "Mwanangu, ukikwangua umekwangua, hakuna randa ya kurudisha."

Tano, kukinga maji. Yeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta, usugue upinde mzima ukiwa na vuguvugu, uache, urudie mara kadhaa, hasa nchani na kwenye mikato ya upote. Vanishi ya seremala nayo inafaa. Kinga hii haizuii unyevu kabisa bali huuchelewesha, kwa hiyo irudiwe kabla ya kila masika na kila vuli. Upote uwe wa uzi wa polista uliosokotwa na kupakwa nta. Haulegei kwa maji kama kano, wala haunyumbuki kama nailoni. Vinyoya vya mshale vipakwe mafuta kidogo visilale vikilowa.

Sita, kutunza. Fungua upote kila umalizapo. Upinde ulazwe juu ya vigingi viwili ukutani. Usisimamishwe pembeni juu ya sakafu yenye unyevu. Ukilowa, ufute na uuache siku mbili kabla ya kuuvuta.

Baada ya upinde, masharti. Mnyama anayewindwa atajwe jina la Allah wakati wa kurusha. Mshale uue kwa makali yake. Ukimpiga kwa ubavu wake akafa kwa kishindo, haliwi. Ukimkuta angali hai, mchinje. Mshale wenye sumu, ambao makabila kadhaa ya Afrika Mashariki wameutumia tangu zamani, wanazuoni wetu wa Kishafii hawakuuhalalisha ikiwa sumu ndiyo iliyosaidia kuua. Na kiumbe hai asifanywe shabaha ya mchezo. Hilo limekatazwa waziwazi.

Lipo pia la sheria ya nchi, na Muislamu ni mtu wa kutimiza ahadi. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu uliouzunguka mlima uliingizwa ndani yake. Humo hakuna uwindaji. Hata nje ya hifadhi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Kijana wetu hakuwa na kibali, wala sisi hatukuwa tumemwambia. Kwa hiyo tunasema wazi: upinde tunaoufundisha hapa ni wa shabaha. Funga magogo matatu ya mgomba, yasimamishe mbele ya kingo ya udongo, na pasiwe na mtu wala njia nyuma yake. Mgomba hupokea mshale bila kuuvunja, na baada ya mchezo huoza ukawa mbolea.

Imepokewa kwa Abu Daud na Tirmidhi kwamba kwa mshale mmoja Allah huwaingiza Peponi watu watatu: aliyeutengeneza akikusudia kheri, anayeurusha, na anayemkabidhi mrushaji. Tazameni, ndugu zetu, aliyeanza kutajwa ni fundi. Wazazi wanaotafuta la kuwashughulisha vijana wao wakati wa likizo wana hapa kazi ya miezi mingi, inayofundisha subira, uaminifu na huruma.

Yule kijana alikata mti mwingine Julai ya mwaka uleule. Aliupima uzito kila Ijumaa, akiandika katika daftari lake la madrasa, na hakuuvuta mpaka Januari. Siku hizi yeye ndiye anayewasimamia wadogo zake kwenye shabaha ya mgomba. Mwezi uliopita mama yake alituletea sinia la pilau la kuku, kwa wanafunzi. Kabla hatujauliza, alitabasamu akasema: "Huyu nimemchinjisha kwa imamu."

Wabillaahi tawfiiq.