Makofi Yale Yalikuwa ya Nini?

Mama mmoja wa Kasulu ameniandikia juu ya sinema ya Kenya iitwayo Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga. Aliitazama pamoja na wanawe wakubwa, na mwisho wake ukamkera. "Wenzake wamekufa," anasema, "naye anakwenda kuigiza, watu wanapiga makofi. Je, vijana wetu hawatadhani ujambazi una faida?"

Mama, swali lako ni zuri. Turudi nyuma kidogo. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza sinema za mapigano, na ili wateja wanunue, huwaigizia. Mama yake anampa fedha aende Nairobi kutafuta kazi ya uigizaji. Siku ya kwanza tu anaibiwa kila kitu, kisha anajikuta mahabusu. Anayempokea huko ni Oti, kiongozi wa genge linaloiba vipuri vya magari. Baadaye Mwas anapata nafasi katika mchezo wa kuigiza. Mguu mmoja uko jukwaani, mguu wa pili uko kwenye wizi.

Jina la sinema lina maana ya nusu ya maisha. Genge linamjua nusu, waigizaji wanamjua nusu, na mama yake kijijini hajui lolote. Kwa hiyo anaposimama jukwaani mwishoni, watazamaji wanaona ufundi tu. Sisi tuliomfuata tangu kijijini tunajua kwamba uchungu ule si wa kuigiza. Kwa maoni yangu, makofi yale si tuzo ya ujambazi. Yanatuonyesha kijana anayetazamwa na ukumbi mzima, lakini hakuna hata mmoja anayejua yaliyompata.

Sisi wa Kasulu na Kibondo hatushangai mtoto kuondoka. Wakati wa ukoloni Waha wengi walikwenda Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Siku hizi vijana wanapanda basi kwenda Mwanza au Dar es Salaam, kisha wanapiga simu: "Mama, mimi mzima, kazi ni nzuri." Pengine ni kweli. Pengine naye anaigiza, ili usiumie.

Basi usiulize fedha tu. Muulize analala wapi, anaishi na nani, kazi yake ni ipi na anamfanyia nani. Akikiri kwamba ameibiwa au ameshindwa, usimgombeze wala usimcheke. Mwambie mlango wa nyumbani uko wazi, na mtafute nauli. Kijana mwenye aibu humfuata anayempokea kwanza, na Mwas alipokewa na jambazi.

Mama wa Kasulu, usiwakataze wanao sinema hiyo. Keti nao, uwaulize: "Nani alimjua Mwas mzima?" Kisha nyamaza, uwasikilize.