Vumbi Halifutwi Kavu



Juma lililopita jirani yangu hapa Garissa alipokea gari lake. Amelipata kwa ayuuto, ule mchezo wa fedha wanaoucheza dada zetu wa Kisomali kwa uaminifu mkubwa, ambao nyinyi wa Mombasa, Malindi na Lamu mwaujua kwa jina la upatu. Gari liliteremshwa bandarini Mombasa kutoka Japani, likaja kwa njia ya Garsen na Hola, na lilipofika mlangoni lilikuwa limevaa vumbi kuanzia taa za mbele hadi bampa la nyuma. Kijana wake, kwa furaha aliyokuwa nayo, akatwaa kipande cha leso kuukuu akaenda kulifuta. Nikamshika mkono: "Mwanangu, ngoja kwanza."

Nilimzuia kwa sababu somo hilo nimelilipia. Gari letu la kwanza wanangu walilifuta kila asubuhi kwa kitambaa kikavu, nami nikiwaombea dua kwa bidii yao. Mwaka haukutimia, boneti ilikuwa imejaa mikwaruzo ya duara mithili ya utando wa buibui, na paa limeanza kupauka. Siku tuliyotaka kuliuza ili tuongeze fedha tununue lenye nafasi zaidi, mnunuzi aliinama akalitazama kwa ubavu jua likilimulika, kisha akashusha bei. Injini haikuwa na dosari hata moja. Tulihasirika kwa ajili ya kitambaa.

Yafaa tufahamu ni nini hasa kinachoharibika. Rangi ya gari si kitu kimoja. Juu ya bati hupakwa rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na juu ya hiyo hupakwa vanishi angavu ambayo ndiyo hung'aa na ndiyo hulinda zilizo chini yake. Vanishi hiyo aghlabu ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Nalo vumbi letu la Kaskazini-Mashariki ni mchanga, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko vanishi. Anayefuta vumbi kavu anaisugua gari yake kwa msasa, ila msasa huo ni laini kiasi kwamba athari yake haionekani siku ile ile.

Adui wa pili ni jua. Garissa iko kusini kidogo tu ya ikweta, na kuna miezi ambayo joto la mchana hupita nyuzi 35 siku hadi siku. Jua hilo huidhoofisha vanishi polepole mpaka ikapauka na kubanduka, na huanzia paa na boneti kwa kuwa ndizo zinazolielekea. Wenzetu wa pwani mna adui wa tatu, nayo ni chumvi ya bahari.

Hapa ndipo inapoingia nta. Msidhani ni anasa ya kizungu. Wazee wetu wa pwani hawakuliacha jahazi bila ya mpako: mbao za juu zilipakwa sifa, yale mafuta ya papa, na sehemu ya chini ikapakwa deheni ya chokaa na shahamu, na kazi hiyo ilirudiwa kila mara. Walijua kwamba kinachopigwa na jua na maji hakina budi kuvikwa kitu kitakachoumia badala yake. Nta ya gari hufanya kazi hiyo hiyo. Ile ya asili hutoka katika majani ya mti wa jamii ya mitende uitwao carnauba, unaomea kaskazini-mashariki ya Brazil, nchi ya jua kali na ukame kama hii yetu. Mti huo huyavika majani yake nta ili maji yaliyomo yasipotee.

Sasa tuje kwenye kazi. Kwanza, chagueni wakati. Gari lisioshwe wala lisipakwe nta juani, wala bati likiwa lingali na moto, kwani sabuni hukaukia juu yake ikaacha madoa. Baada ya Alfajiri ni bora, au baada ya Alasiri kivulini.

Pili, maji. Wengi wetu hapa twanunua maji kwa jerikeni kutoka mkokoteni wa punda, na tumefunzwa kuepuka israfu hata kwa anayetawadha kando ya mto, sembuse kwa gari. Jerikeni mbili za lita 20 zatosha gari dogo. Mwagieni maji kidogo kwanza, kuanzia juu kuteremka, ili mchanga uondoke kabla ya mkono kugusa. Kisha wekeni ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, ya pili ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila mara kabla ya kukirudisha katika sabuni. Mchanga utabaki katika ndoo ya pili, hautarudi garini. Magurudumu yawe ya mwisho, na yawe na kitambaa chake.

Sabuni iwe ya kuoshea magari. Sabuni ya unga ni kali mno, na ile ya vyombo, kwa kuwa imetengenezwa kukata mafuta, huiondoa nta tuliyoipaka. Wala msikubali gari lifutwe kwa dizeli au mafuta ya taa eti ling'ae. Litang'aa kwa saa chache, kisha vumbi lote la mtaa litanata.

Tatu, nta yenyewe. Gari likisha kukauka kabisa, chukueni nta kidogo kwa sifongo, mpake sehemu moja baada ya nyingine, tabaka jembamba. Ikianza kuwa na ukungu mweupe, ifuteni kwa kitambaa laini cha maikrofaiba. Epukeni vioo na plastiki nyeusi, maana huacha doa. Katika joto letu rudieni kila baada ya miezi miwili au mitatu. Vipo siku hizi vipako vya kauri vinavyodumu mwaka na zaidi, lakini bei yake ni kubwa na huhitaji fundi.

Msichanganye nta na polishi. Nta huongeza tabaka, ilhali polishi husugua na kupunguza vanishi ili kuondoa mikwaruzo. Polishi ni dawa ya ugonjwa na haifai kupakwa kila mwezi. Tena, magari mengi tuyaitayo mapya ni mapya kwetu tu, na huenda limepigwa rangi upya mahali fulani. Ikiwa ni kazi ya karibuni, muulizeni fundi muda wa kusubiri, kwani rangi ya gereji yaweza kuhitaji mwezi mmoja hadi mitatu ili ikauke barabara kabla ya kupakwa nta.

Neno la mwisho ni la maegesho. Kivuli cha mwarobaini ni neema, lakini tazameni juu kwanza. Korongo wakubwa wa mji huu hawana heshima kwa gari la mtu, na kinyesi cha ndege huila vanishi upesi katika jua. Kiwekeeni kitambaa kilicholowa kwa dakika chache kilainike, kisha kiondoeni bila kusugua. Na njiani, jiepusheni na miiba ya mathenge inayoinamia barabara.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mapambo na majivuno. Nia ya mtu yuaijua Mola wake. Lakini gari la jirani yangu limenunuliwa kwa shilingi za wanawake kumi, waliouza maziwa na nguo kwa miaka miwili. Litapeleka watoto madrasa, na usiku wa uchungu litampeleka mama hospitalini. Baada ya miaka mitano litauzwa, na bei yake itaingia katika karo za watoto hao hao. Kulitunza ni kutunza amana.

Jumamosi baada ya Alasiri tulilipaka nta, kijana akishika sifongo. Tulipomaliza alichovya vidole katika ndoo akanyunyiza maji juu ya boneti. Yakajikusanya matone matone, yakateleza. Akacheka, akaomba arudie tena. Mama yake akamwambia maji yaliyobaki ni ya mwarobaini.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.