Umekisoma Kihispania, mbona hukisemi?

Natumaini chai umekwisha kunywa na umepata mahali pa kuketi, kwa maana leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja unaowasumbua wengi waliosoma lugha za kigeni katika jiji hili letu. Ugonjwa wenyewe ni huu: kusoma unasoma, kuandika unaandika, mtihani unapita, lakini siku unapokutana na mwenye lugha yake, ulimi unaganda kana kwamba umepakwa gundi.

Hapa kwetu Riruta yuko dada mmoja, jirani yangu wa mlango wa tatu. Tulisoma Kihispania pamoja kwa miaka miwili katika darasa la jioni kule mjini. Tukitoka darasani tulikuwa tukipigania matatu ya kuturudisha Dagoretti Corner, tumbo tupu, na kitabu cha vitenzi kwapani. Mimi nilisoma kwa kupenda tu. Yeye alikuwa na shabaha. Alitaka kuwa mwongoza watalii, na alikuwa amepiga hesabu zake sawasawa. Wahispania wengi huchukua likizo mwezi wa Agosti, na huo ndio wakati nyumbu wanapovuka Mto Mara. Mwenye kuijua lugha yao hakosi kazi ya msimu. Tena nyumbani alikuwa na mdogo wake katika shule ya sekondari, ambaye karo yake ilimtegemea yeye peke yake.

Basi tukapita mtihani wa ngazi ya kati, vyeti tukapewa. Baada ya muda mfupi dada huyu akaitwa kwenye mahojiano ya kazi kwa simu. Alijiandaa usiku kucha. Alikariri wanyama wote wa mbugani: nyumbu ni ñu, duma ni guepardo, kifaru ni rinoceronte. Simu ikalia. Yule bwana wa upande wa pili hakuuliza habari za mnyama hata mmoja. Alisema tu, "Cuéntame qué haces los domingos." Maana yake, nieleze unafanya nini siku za Jumapili.

Kila neno alilielewa. Akafungua kinywa: "Yo... los domingos... yo..." Kisha kimya. Yule bwana akangoja, akamshukuru kwa adabu, akakata simu.

Jioni hiyo alikuja kwangu na cheti mkononi, macho mekundu. "Jirani," akaniambia, "nimekariri vitenzi vya wakati uliopita na wakati ujao, halafu nimeshindwa kusema kwamba Jumapili naenda kanisani kisha nafua nguo!"

Nilitaka kumcheka kidogo, lakini nikakumbuka kwamba hata mimi ningeulizwa hivyo ningebwaga maji.

Mpenzi msomaji, yaliyompata si ya kwake peke yake. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilichapisha mwongozo unaogawa ujuzi wa lugha katika ngazi sita, kuanzia A1 ya mwanafunzi mpya hadi C2 ya bingwa. Ngazi ya kati ni B1 na B2, na hapo ndipo wengi hukwama kama gari kwenye matope. Mwanzoni kila siku unajiona unakwenda mbele, maana jana hukujua kuhesabu na leo unahesabu. Ukifika katikati, kila siku unaongeza neno hapa na neno pale, lakini mazungumzo yako ni yale yale.

Msomi mmoja wa Canada, Merrill Swain, alilitazama jambo hili na mwaka 1985 akaliandikia makala. Aliwachunguza watoto waliokuwa wakisomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka mingi. Walipokuwa wakisikia Kifaransa, walikielewa vizuri sana. Walipofungua kinywa, makosa yalikuwa bado mengi. Hoja yake ilikuwa kwamba kusikia peke yake hakutoshi. Mtu hana budi kusukumwa aitoe lugha mwenyewe, ajikwae, ajirekebishe. Ni kama kuendesha gari. Kuzijua alama zote za barabarani ni jambo moja, na kuipita Naivasha Road saa kumi na mbili jioni ni jambo jingine kabisa.

Lakini kwa nini twende mpaka Canada? Simama hapa kituoni Riruta utazame. Mama ametoka Vihiga na Kiluhya chake, amepanga nyanya na vitunguu kando ya barabara. Baada ya miaka michache anabishana bei kwa Kikuyu, anatania kwa Kiswahili, na watoto wake wanamjibu kwa Sheng. Nani alimpa cheti? Hakungoja mpaka sarufi ikamilike ndipo aseme. Alisema kwa sababu nyanya zingeoza.

Na Kihispania si lugha ngeni kwetu kama unavyodhani. Wanaokizungumza tangu utotoni ni karibu watu milioni 500. Ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, ule ule wenye ofisi zake pale Gigiri. Hapa Afrika, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka kwa Uhispania tarehe 12 Oktoba 1968, bado inakitumia kama lugha rasmi.

Zaidi ya hayo, Kiswahili chako ni mtaji. Irabu zao ni tano, na husomwa kama zetu: a, e, i, o, u. Ile herufi ñ ni "ny" yetu tu. Kisha kuna udugu wa maneno. Watawala Waislamu walikuwa na himaya katika Uhispania kuanzia mwaka 711 hadi 1492, na Kiarabu kikaacha maneno kule kama kilivyoyaacha pwani yetu. Sukari kwao ni azúcar. Zeituni ni aceituna. Kadhi wetu ni ndugu wa alcalde wao, ingawa kule neno hilo sasa ni la meya. Wao husema hasta kwa maana ya "mpaka", na wazee wetu walisema "hata asubuhi" kwa maana iyo hiyo. Nao Wareno, waliofika pwani mwaka 1498 na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, walituachia meza na bendera. Mhispania akitaja mesa na bandera, huna haja ya kufungua kamusi.

Ila jihadhari, maana hata ndugu hugombana. Baba kwa Kihispania ni ute unaomtoka mtoto mdomoni. Moto ni pikipiki. Pero ni "lakini", na perro, ukiitetemesha r vizuri, ni mbwa. Nasi tuliozoea Kiingereza tuna mtego wetu. Mtu akiona haya akasema yeye ni embarazada, ametangaza kwamba ni mja mzito. Mwanamume mmoja wa darasa letu alilitangaza hilo mbele ya watu wote, na mpaka leo tukikutana naye tunamuuliza mtoto hajambo.

Sasa, tulifanya nini mimi na yule dada? Riruta hakuna Mhispania wa kupiga naye gumzo kila jioni. Tukaamua kwamba kipofu na kiwete watashikana mikono. Kila siku, robo saa, kwenye benchi mbele ya nyumba, Kihispania kitupu. Nakupa mambo matano yaliyotusaidia.

La kwanza ni maneno ya kushikia pumzi. Mswahili akikwama hanyamazi. Husema "yaani", "basi", "hebu", "nanii". Mhispania naye anayo yake. Pues ni kama "basi", o sea ni "yaani", a ver ni "hebu tuone", bueno ni "haya". Lile la kutafuta jina la kitu, ¿cómo se llama?, ni "nanii" hasa. Yakariri mpaka yatoke yenyewe. Yangemsaidia dada yetu siku ile ya simu, kwa maana kilichomwangusha ni ule ukimya, wala si sarufi.

La pili ni kusimulia hadithi moja mara tatu. Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand, aliiandikia mbinu hii mwaka 1989. Unamsimulia mtu hadithi kwa dakika 4, kisha unamsimulia mwingine hadithi ile ile kwa dakika 3, na wa tatu kwa dakika 2. Sisi hatukuwa na wasikilizaji watatu, kwa hiyo mara ya pili alimsimulia paka na mara ya tatu alijisimulia mwenyewe kwenye simu ya mkononi. Utashangaa. Mara ya tatu akili haitafuti tena la kusema, na ulimi unapata nafasi ya kukimbia.

La tatu ni kulizunguka neno usilolijua. Usisimame mlangoni kwa kukosa ufunguo. Zunguka, uingie kwa dirisha. Hujui mwiko kwa Kihispania? Sema ni kijiko kikubwa cha mbao cha kupikia. Tulifanya mchezo: mmoja anachagua kitu cha jikoni, anakieleza bila kukitaja, na mwenzake anakibuni. Atakayeshindwa ananunua mandazi.

La nne ni kufuata sauti. Sikiliza sentensi fupi ya mtangazaji, isimamishe, uirudie kwa mwendo wake na lafudhi yake. Redio za Uhispania sasa zinapatikana kwa intaneti, na vijana wa hapa hawahitaji kusukumwa kuzifuata habari za mpira. Januari 2018, Michael Olunga wetu alipoifungia Girona mabao matatu dhidi ya Las Palmas katika ligi kuu ya Uhispania, mtangazaji wa Kihispania alilitaja jina la Mkenya na ungeelewa bila kamusi. Anzia hapo, kwa jambo unalolipenda.

La tano ni biashara ya kubadilishana. Jiji hili lina watawa, wanafunzi na wafanyakazi kutoka Uhispania na Amerika ya Kusini ambao wanatamani Kiswahili na hawana wa kuwafundisha. Mpe mmoja wao nusu saa ya Kiswahili, naye akupe nusu saa ya Kihispania. Hakuna senti inayotoka mfukoni. Nasi tulimpata mtu wa namna hiyo, tukakutana naye kila Jumamosi. Tulimpelekea sauti tulizorekodi, naye akatuonyesha makosa mawili matatu tu kwa kila juma. Hilo lilikuwa muhimu, maana wanafunzi wawili wakiachwa peke yao huambukizana makosa kama mafua.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Juma la kwanza robo saa ilikuwa ndefu kuliko ibada. Watoto wa ploti walikuja kutucheka. Mara mbili dada yule alitaka kuacha, akasema afadhali aende akauze nguo. Lakini mwezi wa tatu nikaona jambo: alianza kunikatiza. Msomaji, mtu anayeweza kukukatiza katika lugha ya kigeni, huyo amefika mahali.

Mwezi wa Mei akaitwa tena kwa simu, kampuni nyingine. Alinikaribisha niketi karibu, nikazuia hata kikohozi. Mama mmoja akamuuliza nyumbani kwao hula chakula gani. Nikamwona amekwama. Sukumawiki kwa Kihispania ni nini? Akavuta pumzi. "Pues... a ver..." Kisha akaendelea: ni mboga tunayokula karibu kila siku, na jina lake quiere decir "empuja la semana", maana yake "sukuma juma".

Kule upande wa pili mama yule akaangua kicheko, akauliza kwa nini juma lisukumwe. Dada wa Riruta akamweleza. Alimweleza habari ya mshahara unaoisha kabla ya mwezi, na mama mwenye watoto wanne na shilingi chache, na jinsi mboga hiyo inavyoifikisha nyumba hadi mwisho wa juma. Alikosea. Alisema un verdura badala ya una verdura, na kitenzi kimoja kilitoka kichwa chini miguu juu. Hakuna aliyemsimamisha. Walizungumza dakika 20.

Msimu huo alipata kazi. Mdogo wake alirudi shuleni na karo kamili, na mimi nikabaki na benchi na paka.

Kwa hiyo, wewe uliye na cheti kabatini, iwe ni cha Kihispania, Kifaransa au Kijerumani, nina kazi yako ya juma hili. Leo jioni chukua saa, usimulie kwa sauti jinsi unavyoishinda Jumapili yako: dakika 4, kisha 3, kisha 2. Usiogope majirani. Wakikucheka, waambie umetumwa na gazeti. Na ikiwa una mwenzako mliyesoma naye, mtafute, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi, mpenzi msomaji, tukutane Jumapili ijayo. Au, kama asemavyo yule dada akinipita mlangoni alfajiri na darubini shingoni, hasta el domingo.