Mgeni Mpe Jembe: Mwanamuziki Mhamiaji na Deni Letu Wanakiswahili

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsuta mgeni anayekula bila kutoa jasho. Makala haya yanaitazama kwa upande wake wa pili. Jembe si suto tu. Ni idhini pia. Anayekabidhiwa jembe amekubaliwa kuwa mtu wa nyumbani, mwenye konde la kulima na haki ya kula kilicho chake. Swali langu kwa wapenzi wa Kiswahili ni hili: mwanamuziki anayehamia katika miji yetu akiwa na lugha yetu kinywani, sisi tumempa jembe gani?

Mwaka mmoja nilikuwa miongoni mwa wanafunzi walioandaa siku ya Kiswahili chuoni. Tulimwalika kijana mpiga gitaa aliyekuwa ametoka Pwani miezi michache kabla na kupanga chumba upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Aliimba muda wa saa nzima nyimbo alizozitunga mwenyewe, kwa Kiswahili kilichowafanya wahadhiri watikise vichwa kwa kuridhika. Bajeti yetu ilikuwa na fungu la fulana, la hema, la chakula cha wageni waheshimiwa na la mwenye vipaza sauti. Fungu la mwanamuziki halikuwamo. Tulimpa cheti, soda na makofi. Jioni alinivuta kando akaniuliza, kwa adabu kubwa, iwapo ningeweza kumsaidia nauli, kwa kuwa gitaa lile lilikuwa la kuazima na alitakiwa kulirejesha usiku uo huo. Nilimpa nilichokuwa nacho. Aibu niliyobaki nayo ndiyo iliyonisukuma kuishika kalamu.

Kuhama kwa mwanamuziki si sawa na kuhama kwa karani. Karani aliyepewa uhamisho hukuta ofisi, meza na mshahara vikimngoja. Mwanamuziki huliacha jina lake nyuma. Katika mji alikotoka walimjua. Wenye harusi walimtafuta. Katika mji mgeni huanza kwa kuketi nyuma ya bendi za wengine akingoja mpigaji fulani augue au achelewe. Sharti azijue nyimbo za wenyeji kabla hajaruhusiwa kuimba hata wimbo wake mmoja. Asipokuwa na ala huwa mtumishi wa mwenye ala, na huyo ndiye anayeamua kitakachoimbwa na kitakacholipwa. Fauka ya hayo, kazi yake huisha saa ambazo nauli imepanda na njia za kurudi chumbani hazina usalama. Haya yote huyakabili kabla hajalipa kodi ya mwezi wa kwanza.

Hata hivyo, tukiitazama historia ya lugha yetu, tutaona kwamba wahamiaji wa namna hii wametutendea makubwa. Siti binti Saad alitoka kijijini Fumba akaingia mjini Unguja mwaka 1911. Lau angesalia Fumba, huenda sauti yake isingalivuka bahari; lakini kufikia mwaka 1928 alikuwa akirekodi nyimbo za Kiswahili huko Bombay. Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walitoka Tanga, wakapitia Arusha, kisha wakaingia Kenya mwaka 1971. Bendi yao tuliijua kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga wakaunda Les Wanyika. Wakenya wengi waliokulia mbali na Pwani, katika nyumba ambazo Kiswahili hakikuwa lugha ya mama, walijifunza kupenda, kulalamika na kuomba radhi kwa Kiswahili fasaha kutoka kwa bendi hizi kabla ya kukutana na mwalimu wa sarufi.

Wapo pia ambao mji mgeni ndio uliowazidishia Kiswahili. Samba Mapangala alitoka Kongo akafika Nairobi mwaka 1977 kwa njia ya Uganda. Alikuja na Kilingala. Humu akakiimba na Kiswahili, na Orchestra Virunga ikapendwa na wasikilizaji wa lugha zote mbili. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alihamia Dar es Salaam mwaka 1978, na kwa Kiswahili akawaimbia wanyonge hadi akahesabiwa kuwa sauti ya Watanzania wa kawaida. Kwa hivyo ni bayana kuwa njia ya mhamiaji hupitika pande zote mbili: kuna anayeileta lugha mjini, na kuna anayeikuta mjini akaikuza.

Je, wenyeji waliwalipa nini? Katika miaka ya 1980 suala la vibali vya kazi liliwatatiza wanamuziki wa kigeni nchini Kenya, Orchestra Virunga wakiwamo. Tangu hapo mengi yamebadilika. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutekelezwa mwaka 2010, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya mwaka 2022. Lakini kijana wetu wa Pwani hakuhitaji kibali chochote. Alihama ndani ya nchi yake mwenyewe, na bado hakupata jembe.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya uchumi, na kwamba sisi ni watu wa lugha. Nitamjibu kwa mfano wa darasani. Katika fasihi simulizi tunafundishwa kuzitofautisha hodiya, kimai, nyiso na bembelezi. Tunakariri kwamba hodiya ni nyimbo za kazi. Ila hatuulizi kuimba kwenyewe, ambako ni kazi ya mtu, kunamlipa nini. Tunauchambua wimbo kana kwamba ulijitunga. Tukiendelea hivyo tutabaki na uchambuzi bila nyimbo za kuchambua, kwa sababu mwimbaji asiyeweza kula kwa Kiswahili ataimba lugha itakayomlisha. Miezi kadhaa baada ya siku yetu nilisikia kwamba yule kijana amepata kibarua cha kupiga nyimbo za Kiingereza hotelini wakati wa chakula cha jioni. Simlaumu. Lawama ni yetu sisi tuliompigia makofi.

Wapo wanaohofu kwamba kumpokea mgeni ni kumpokonya mwenyeji tonge. Hofu hii si ya kupuuzwa, kwani kumbi ni chache na wapigaji ni wengi. Lakini anayeshusha malipo ya wote ni yule anayelazimika kukubali chochote anachopewa. Mgeni akilipwa inavyostahiki, mwenyeji naye hupata nguvu ya kudai chake.

Napendekeza mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kila chama cha Kiswahili kiweke fungu la mwanamuziki katika bajeti kabla ya fungu la fulana. Tangu UNESCO ilipoitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa azimio la mwaka 2021, sherehe zetu zimeongezeka. Isiwe kwamba kila anayezihudumia analipwa isipokuwa anayekiimba Kiswahili chenyewe.

Pili, tutumie taaluma ya tafsiri. Mikataba mingi ya kurekodi huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, nayo hutiwa saini na vijana waliofika mjini jana na wanaohitaji kodi kesho. Tuna madarasa ya tafsiri ambamo wanafunzi hufasiri matini zisizosomwa na yeyote ila mwalimu anayezisahihisha. Kwa nini mkataba wa mwanamuziki usiwe zoezi? Wakifanya hivyo chini ya uongozi wa mhadhiri na kwa ushauri wa wenzao wa kitivo cha sheria, mwanafunzi atapata ujuzi, na mwanamuziki atajua, kwa lugha anayoielewa, kama anaukodisha wimbo wake au anauuza moja kwa moja.

Tatu, tuwaendee wazee wa dansi na taarabu walio hai bado tuwahoji: walitoka wapi, nani aliwapokea, walibadilisha maneno gani ili waeleweke na wasikilizaji wapya. Hiyo ni isimujamii na fasihi kwa pamoja, nayo ni data isiyopatikana katika kamusi. Kila mzee anayeondoka bila kuhojiwa anakwenda na maktaba yake.

Nahitimisha nilikoanzia. Wageni hawa wamekaa nasi siku nyingi kuliko mbili, na shamba la Kiswahili wamelilima kwa mikono mitupu huku sisi tukiyasifu mavuno. Yule kijana alirejesha gitaa la watu usiku ule. Chama kitakachomwalika tena na kianze kwa kumuuliza malipo yake ni kiasi gani, kisha kimlipe kabla hajapanda jukwaani.