Alama ya halali ni nusu ya safari

Mama wa Kiislamu aingiapo dukani kununua mahitaji ya nyumbani, hutafuta mambo mawili juu ya pakiti: alama ya halali na tarehe ya mwisho wa matumizi. Akiyaona, moyo hutulia. Jedwali dogo la virutubishi lililoko nyuma huachwa kana kwamba halimhusu.

Ilhali, ndugu msomaji, Aya ya 168 ya Suratul Baqara imetaja sifa mbili za chakula kwa pamoja: kiwe halali, na kiwe twayyib, yaani kizuri chenye kufaa. Alama ile hujibu suala la kwanza tu. Soda huweza kuwa halali na bado ikamdhuru mwenye kisukari.

Tuitazame soda hiyo. Tuseme jedwali limeandika sukari gramu 10.6 kwa kila mililita 100. Mnunuzi huiona 10 akadhani ni kidogo. Lakini chupa ni ya mililita 500, na mtoto ataimaliza peke yake: gramu 53, takriban vijiko 13 vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa wastani. Chupa moja imekwisha kuvuka mpaka wa mtu mzima, na aliyeinywa ni mtoto!

Chumvi nayo hujificha nyuma ya jina la sodiamu. Baba mwenye shinikizo la damu akisoma sodiamu gramu 1, ajue amebeba chumvi gramu 2.5, nusu ya kiwango cha juu cha siku kilichoshauriwa na shirika hilo.

Na vile vinywaji vya rangi tunavyovipanga mezani wakati wa futari? Viambato huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Orodha ikianza na maji, ikafuata sukari, na tunda likaja mwishoni, basi picha ya embe iliyoko mbele ni pambo.

Hata hivyo, si haki kuwalaumu akina mama peke yao. Nani atapiga hesabu za kuzidisha akiwa na mtoto mgongoni na foleni nyuma yake? Chile ililiona hilo, na tangu mwaka 2016 bidhaa iliyozidisha sukari, chumvi, mafuta mabaya au nishati hubandikwa mbele alama nyeusi ya pembe nane. Mexico ikafuata mwaka 2020. Kwa maoni yetu, hilo ndilo la kudaiwa kwa wenye mamlaka na viwanda.

Pakiti mbili zikishindanishwa dukani, isomwe safu ya gramu 100, si ile ya mgawo mmoja. Mgawo mara nyingi hupangwa na mtengenezaji mwenyewe, na biskuti mbili anazozihesabu yeye si sahani nzima anayoimaliza mgeni wetu.