Nani Mdau wa Chakula?

Kila sera ya chakula ijadiliwapo jijini Kampala, hutajwa "wadau". Mdau ni mwenye maslahi katika jambo. Je, nani mwenye maslahi kuliko mama auzaye matoke na mchicha sokoni Kalerwe, au kibarua ashindaye kwa chapati na soda kwa kuwa bei ya matunda imemshinda?

Wapo wasemao kwamba sera ni kazi ya wataalamu. Hoja hiyo haina mashiko. Daktari ajua madhara ya sukari. Mchuuzi ajua nauli, ushuru wa soko na mzigo uozao mvua inyeshapo. Sera isiyomsikiliza mchuuzi itatuhimiza tule matunda bila kutupunguzia bei.

Uganda ina Sera ya Chakula na Lishe tangu mwaka 2003. Nayo Katiba ya 1995, kifungu cha 38, yampa kila raia haki ya kushawishi sera za serikali kwa amani kupitia asasi za kiraia. Basi tusingoje kualikwa. Vyama vya wachuuzi na wakulima vidai viti mezani, na wizara zitujibu kwa maandishi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.